Mfuko wa Kifaa cha Kiguu

Mwanangu wa kwanza tunamwita Kiguu. Si jina la cheti. Alipewa na baba yake alipokuwa na miaka mitatu, kwa kuwa alikuwa kiguu na njia. Ukisahau kufunga mlango, yeye keshafika kona. Wasiomjua humtazama miguu kwanza, wakitafuta kasoro, na wala hana kasoro ila kutotulia. Sasa ana miaka ishirini na sita na kazi yake ni kutembeza watu milimani. Wanakuja watu wa maofisini na viatu vipya, wanataka kupanda, kupiga picha na kushuka. Yeye hutangulia, wao hufuata. Akipotea, wamepotea wote.

Mimi nashona mikoba. Kazi yangu ya pili, isiyo na likizo, ni kumwogopea Kiguu.

Mwaka jana nilipewa sababu. Alikuwa huko juu na watu sita, ukungu ukashuka, na simu aliyoitegemea kwa ramani ikazimwa na baridi. Walijikunyata chini ya jiwe kwa muda wa saa tano. Alinisimulia akicheka. Bosi wake hakucheka. Alisema kuanzia msimu huu anayeongoza kundi peke yake awe na kifaa chake cha GPS, kile cha kushika mkononi chenye ramani ndani, la sivyo atembee nyuma ya mwenzake. Kiguu kutembea nyuma ya mtu! Heri umwambie alale kitandani mwezi mzima.

Tukaenda dukani. Hakunialika, nilijialika.

Muuzaji alikuwa mtu mwembamba, miwani imepandishwa kwenye paji la uso, na mtaa mzima unamwita Dira kwa sababu alianza kwa kutengeneza dira na saa. Alitutolea vifaa viwili. Cha kwanza kilikuwa chembamba, kioo kikubwa cha kugusa, ramani inang'aa mpaka unaona vijito. Cha pili kilikuwa kinene kama sabuni ya kufulia, kioo kidogo, vitufe pembeni. Kiguu alikwisha kukipenda cha kwanza kabla hakijawashwa. Nilimjua kwa namna alivyokishika.

Nilikuwa na chupa ya maji mkobani. Nikalowesha vidole nikagusa kile kioo kikubwa. Ramani ikaruka huku na huku kama kuku aliyetupiwa jiwe. Dira akaniuliza kama napima kitambaa kinachochuja rangi. Nikamwambia huko juu kuna mvua na glavu, na mimi najua mikono yenye maji inavyokosa kushika kitu. Nikabonyeza vitufe vya kile kinene, kwa vidole vilevile, vikaitika. Nikauliza chakula chake. Dira akafungua mgongo, akaonyesha betri mbili za kawaida, zikiisha unaweka nyingine palepale. Kile chembamba betri yake imefungiwa ndani, ikiisha imeisha.

Kiguu akanuna kidogo, kisha akaanza kuuliza maswali ya maana. Ramani za kifaa kinene zilikuwa na mistari ya mwinuko. Dira alieleza kwamba mistari ikiachana, mteremko ni wa kutembea; ikibanana kama mishono ya kutilia nguvu, hapo ni genge la kuangukia. Alisema pia ramani ziingizwe kabla ya safari, maana mlimani hakuna mtandao wa kuzishusha.

Halafu akasema jambo moja kwa haraka, huku akifunga boksi. Ndani kuna dira ndogo inayozungusha mshale wa kuonyesha njia, na ukiwa umesimama mshale unaweza kudanganya. Ukitia shaka, tembea hatua kumi kwa njia unayoijua, utazame nukta yako kwenye ramani inakwenda wapi. Nukta hutoka kwa setilaiti, haina habari na mshale.

Sikuelewa. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba tena.

"Mama, ameshasema," Kiguu akaninong'oneza, uso umemwiva.

"Na aseme tena. Mtu akisimama, mshale unasema kweli au hausemi?"

Dira akashusha miwani machoni, akarudia taratibu kama anayesomesha. Kiguu akatazama dari.

Wiki ile tulifanya mazoezi mitaani. Nukta ilitufuata mpaka kwa muuza mkaa na kurudi, na mshale haukukosea hata kona moja. Nikaona nami nichangie kitu. Nikamshonea mfuko wa kifuani, turubai ngumu, dirisha la plastiki ili aone ramani bila kukitoa kifaa, na kifuniko kinachojifunga chenyewe kwa kishikizo cha sumaku, kama ninavyoweka kwenye mikoba ya kina mama. Mkono mmoja unatosha. Niliweka vishikizo viwili, vile vikubwa. Kiguu aliuvaa Jumamosi alfajiri, akaufunga, akaufungua, akaufunga, tak, tak, akaniambia safari hii nimejishinda. Akaondoka na watu wanane.

Saa sita mchana nilimwaga kopo la sindano. Nikafanya ninavyofanya siku zote: nikachukua kishikizo cha sumaku, nikakipitisha juu ya sakafu. Sindano zikainuka zikageukia upande mmoja, zote, kama watu walioitwa.

Nilibaki nimepiga magoti. Mshale wa dira ni sindano. Hata aliyeishia darasa la saba anajua.

Nilichungulia dirishani. Mlima haukuwapo. Palikuwa na weupe wa ukungu tu kuanzia mabegani mwake.

Nikapiga simu ya Kiguu: haipatikani. Nikapiga dukani. Nilipomweleza Dira, aliuliza sumaku iko umbali gani na kifaa. Nikamwambia imekilalia. Akasema nukta haitadhurika, ila Kiguu akisimama, mshale unaweza kumwelekeza popote. Halafu akauliza, "Anazikumbuka hatua kumi?"

"Alikuwa anatazama dari," nikasema.

Nikampigia bosi wake. Akasema njia ya leo inapita kwenye shingo ya mlima, kulia kuna mteremko wa kushukia, kushoto kuna genge, na mtu wa kumfuata hawezi kumfikia kabla hawajapita hapo. Akasema tusubiri. Sikuwahi kuchukia neno kama nilivyolichukia hilo. Nilikaa kwenye cherehani bila kushona. Mguu wangu ulikanyaga kibao wenyewe, gurudumu likazunguka bila uzi. Nilijiambia kama angekwenda na kile chembamba, bila mfuko wangu, angekuwa salama zaidi. Nilijiambia na mengine.

Alirudi saa kumi na mbili kasoro, matope mpaka magotini, akaomba chai kabla ya kuvua viatu. Nilimhesabu mikono na miguu kwa macho. Nikamwuliza habari za watu wake. Wote wanane wameshuka, mmoja anachechemea kwa sababu ya viatu vipya.

Akanisimulia akiwa amesimama. Walipofika shingoni hakuona hata kidole chake. Akasimama, akatazama dirishani mwa mfuko, mshale ukamwonyesha kushoto. Watu wakasema twende, kifaa kimesema. Akapiga hatua tano hivi. Upepo, ambao tangu asubuhi ulimpiga shavu la kushoto, ukawa unampiga usoni.

"Nikakusikia wewe pale dukani," akasema. "Mtu akisimama, mshale unasema kweli au hausemi. Uliniaibisha mno, Mama, ndiyo maana sikusahau."

Akawasimamisha wote. Akarudi kwa nyayo zake mwenyewe hatua kumi, akiitazama nukta. Nukta ikaenda kule alikotoka, mshale ukashikilia kwingine kabisa. Akaacha kuutazama. Akashuka kwa nukta na mistari tu, kidogo kidogo. Ile mistari ya kushoto, alisema, ilikuwa imebanana hata huwezi kupitisha uzi.

Akasema kesho anakirudisha kwa Dira, amemuuzia kibovu.

Ningeweza kunyamaza. Kifaa kingerudi dukani bila mfuko, kingepimwa, kingeonekana kizima, na lawama zingekosa mwenyewe.

"Si kibovu," nikasema. "Ni mimi. Ni vile vishikizo."

Nikachukua sindano moja nikaisogeza kwenye kifuniko kifuani pake. Ikaruka ikanata. Kiguu aliitazama muda mrefu. Hakunifariji, na sikutaka anifariji. Alivua mfuko akauweka mezani, kati yetu.

"Fumua," akasema.

Nikafumua mbele yake, vyote viwili, nikaweka kitanzi cha kamba na kifungo cha mbao. Kinafungwa kwa mikono miwili na kinachelewesha. Alipomaliza chai alikitia kifaa ndani ya mfuko ule, akanivisha mimi, akanisukuma uani.

"Hatua kumi, Mama. Zihesabu kwa sauti."

Nikazihesabu. Alikuwa ameinama begani kwangu, anaitazama nukta, na kila nilipotaka kusimama alinisukuma tena.