Moto wa Juu ya Kifuniko

Mama mkwe alipokuja kwetu Krismasi ile, kutoka kwao magharibi, nilikuwa nimeolewa miaka miwili na bado aliniita mgeni wa kijana wake. Neno hilo hakulisema kwa ukali. Alilisema mbele ya watu, kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja jina langu. Mimi ni wa Murang'a, na yeye alikuwa amemtakia mwanawe msichana wa kwao. Wake wa wanawe wengine aliwaita "mke wetu". Nami nilitaka kuitwa hivyo, na kwa akili zangu za wakati huo niliamini keki ya matunda ingenisaidia.

Keki yenyewe haikuwa na mambo mengi. Zabibu niliziloweka katika chai kali ya rangi, maana kanisani kwetu pombe haikuguswa, hata ndani ya keki. Sukari kidogo niliiunguza mpaka ikawa nyeusi, nikaizima kwa maji ili itoe rangi. Nikapiga siagi na sukari kwa mwiko mpaka bega likauma, yakafuata mayai, unga, mdalasini na zile zabibu zilizovimba.

Oveni hakuna aliyekuwa nayo katika ploti yetu ya vyumba vya kupanga pale Komarock. Sufuria ndogo yenye keki huingia ndani ya kubwa iliyowekwa vijiwe chini, kubwa ikafunikwa na kutelekwa kwenye jiko la makaa machache. Makaa mengi hupangwa juu ya kifuniko. Moto huo wa juu ndio unaoivisha keki. Asiyejua hilo atapakua uji.

Mume wangu alikuwa zamu kiwandani, Industrial Area. Niliacha jiko mlangoni, mama mkwe ameketi kando yake akichambua mboga, nikaenda kupanga foleni ya maji. Niliporudi na mtungi wangu, kifuniko kilikuwa kitupu, kimepanguswa hata majivu.

"Mama, makaa yameenda wapi?"

"Jirani amekuja kuomba moto. Nimempea ule ulikuwa umemwekea hapo juu."

Kwao, kama kwetu, jirani hanyimwi moto. Aliona makaa yamewaka mahali pasipopikwa kitu, akadhani nimeyatenga kwa ajili ya waombaji. Nilikasirika. Yale yalikuwa makaa ya mwisho kwenye gunia. Nikamwambia, kwa sauti ya juu kuliko inavyomfaa mkaza mwana, kwamba huo ndio uliokuwa moto wa keki.

Alijifunga leso vizuri, akachukua kile kifuniko, akavuka uwanja. Kwa mama wa umri wake, kudai tena alichokwisha kutoa ni aibu kubwa, na ploti nzima ilikuwa nje ikifua na kupika. Nilimsikia akibisha mlangoni kwa jirani.

"Mama, nirudishie ule moto kidogo. Mke wetu anapika keki, na mimi sikujua."

Jirani alicheka, akampakulia makaa mengi kuliko aliyochukua. Mimi nilikuwa bado nimesimama na mtungi mkononi.

Keki ilibonyea katikati kama kochi la zamani. Niliiweka mezani hivyo hivyo, bila kuiombea radhi.