Miguu Juu ya Makonyo

Ulikuwa mwaka wa shelisheli. Mikarafuu iligoma kuzaa, mchele wa mapembe, ule wa rahisi, ukapanda mpaka watu wakawa wanaingia dukani kuutazama tu, kisha wanarudi kwao kuchemsha shelisheli. Tulikula asubuhi kwa chai ya rangi, mchana kwa mchuzi wa dagaa, jioni tukala kiporo. Kijiji chetu kizima cha Makangale kilinuka shelisheli la kuchoma. Ndio mwaka miguu yangu ilipoanza kuniasi.

Nilikuwa mferejini nakinga maji ya bomba. Nikahisi mtu amenishika kifundo cha mguu wa kushoto, kidole kwa kidole, mkono wa baridi. Nikageuka kumtukana. Hapakuwa na mtu. Nikaangalia mguu, mguu wangu ule ule, mkavu, na ule mkono bado umenishika. Ulinishika siku kumi na mbili.

Baadaye yakaja mengine. Nikiinama kwenye rukuu ya sala, cheche inashuka uti wa mgongo hadi visiginoni, kana kwamba mtu amebonyeza swichi nyuma ya shingo yangu. Jicho moja likafunga ukungu. Nilinyweshwa kombe la aya, nikachuliwa, nikasomewa. Mwisho wanangu wakanipeleka Unguja, na kutoka Unguja Dar, nikaingizwa kwenye mashine kama mwanandani wa kaburi, ila wenye taa.

Daktari akasema maltipo sklerosisi. Mie nimeishia darasa la nne, nikamwambia jina abaki nalo, anieleze kitu chenyewe. Akasema askari wa mwili wangu wanatafuna gamba la mishipa ya fahamu, kama panya anavyotafuna mpira wa waya wa umeme. Kichwa kinatuma amri, amri inapotea njiani. Dawa ya kuupunguza ugonjwa kasi ipo, ya kuuondoa haipo.

"Na usijilaze, bibi," akasema. "Mguu utakaoulaza, utalala moja kwa moja."

Niliyashika maneno hayo kuliko vidonge. Nina wajukuu saba, wote nimewabeba mgongoni, na sikuwa tayari kubebwa na mmoja wao kwenda chooni.

Bwana wa mazoezi ya viungo, hospitali, alinipa karatasi yenye picha za mtu aliyevaa suruali, amelala chali, ananyanyua mguu. Nilinyanyua. Niliweza mara nne, nikabaki sakafuni kama kobe aliyepinduliwa mpaka jirani alipokuja kuomba moto. Binti yangu anayekaa mjini, Madungu, akaniletea simu yenye wasichana wanaruka ruka kwa muziki. Nikamwambia hao hawaumwi, wana wazimu. Nikajaribu kutembea kwenda pwani baada ya alasiri. Jua likanipiga, macho yakaingia giza, miguu ikayeyuka kama samli. Nilirudishwa juu ya gari la ng'ombe, nimelala kati ya magunia, watu wananiamkia na mie naitikia nikiangalia mbingu.

Hapo nikajua mambo mawili: joto ni adui yangu, na nyayo zangu hazisikii sakafu. Nikikanyaga saruji, ni kama nakanyaga pamba. Mtu hawezi kutembea juu ya kitu asichokiamini.

Dawa niliipata stoo. Palikuwa na gunia la makonyo la msimu uliopita, vile vijiti vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa. Lilipasuka, nikayakanyaga, nikahisi kuchomwachomwa. Kidogo, kwa mbali, lakini nyayo zilisema kitu. Nikakaa palepale nikalia kidogo, kisha nikaenda kutafuta jamvi.

Kwetu karafuu zikianikwa hazigeuzwi kwa mkono. Unavua viatu, unapita juu ya jamvi ukiburuza nyayo, mstari baada ya mstari, bila kuinua mguu. Nimeifanya kazi hiyo tangu utoto, nyuma ya mama yangu. Basi nikatandika jamvi ukumbini, nikamwaga makonyo, nikafunga kamba ya nazi ukutani ya kushika. Kila siku baada ya alfajiri, kabla jua halijapata nguvu, najimwagia maji, najifunga kanga mbichi ya maji, nageuza. Tasbihi moja ya hatua, hatua moja kila punje, napumzika kwenye kiti. Tasbihi nyingine, napumzika. Nikimaliza nakagua nyayo kwa kioo, maana nikikatwa sijui. Bwana wa mazoezi nilipomweleza alicheka, akasema niendelee, nisifike pa kuchoka.

Mwezi wa pili nilikwenda mferejini bila fimbo.

Kisha jirani, mjane mwenzangu tunayepakana ukuta, akaniuliza tukiwa tunamenya shelisheli. "Shoga, unaanika karafuu wewe?"

"Karafuu gani, mwaka huu? Ni mazoezi yangu."

"Na mwenzio ni nani?"

"Mwenzangu yupi?"

"N'nasikia miguu ya watu wawili. Mmoja mzito, anavuta. Mmoja mwepesi." Akakitazama kisu chake. "Mama yako alikuwa mwepesi."

Nikamwambia masikio yake yanataka kusafishwa. Lakini nyumba ile ni ya marehemu mama. Karafuu zake alizigeuza uani mwake miaka yote, na visigino vyake vilikuwa vyepesi kweli, hata kuku hawakumsikia.

Siku ya tatu nilimaliza tasbihi, nikakaa kitini, nikafunga macho. Msitu nyuma ya nyumba ulikuwa kimya, popo wameshatulia. Nikasikia: shwaa. Kimya. Shwaa. Makonyo yanasogezwa, polepole, na mtu anayeijua kazi. Nikasoma ninachokijua, nikafungua macho.

Ulikuwa mguu wangu wa kushoto. Mie nimekaa, nimepumzika, na mguu unaendelea na kazi. Unakwenda mbele, unarudi nyuma. Sikuuhisi hata chembe. Nikauangalia kama unavyomwangalia mgeni aliyekuja kwako akaanza kufagia. Nikaushika kwa mikono miwili, ukatetemeka kidogo kama kuku, ukatulia.

Bwana wa mazoezi alisema hiyo ni mishipa, inakaza na kulegea yenyewe, wengi wenye maradhi haya inawatokea. Akanionyesha namna ya kuunyoosha. Nilirudi na furaha, nikamwita jirani ukutani. "Shoga, mwizi nimemkamata. Ni mguu wangu huu."

Hakucheka. "Na ile wiki ya mwezi uliopita, ulipokwenda tena Unguja kwa vipimo?"

"Imefanyaje?"

"Mlango ulikuwa na kufuli, ufunguo nnao mie. Kila alfajiri nimesikia makonyo. Wewe hupo, na mguu wako ulikwenda nao."

Nikaingia ndani, nikalitazama jamvi.

Jirani hakuweka siri. Habari ikafika kwa kaka yangu mkubwa, ikafika Madungu. Ikawa inasemwa nyumba ina kitu, na kitu hicho kinataka miguu yangu. Kimeshachukua mmoja, kinasubiri wa pili. Kaka akaenda kwa mganga bila kuniuliza. Akarudi na maagizo: nipigiwe ngoma ya pepo siku saba, nyumba ifungwe, nikakae kwa binti yangu.

Chumba cha binti yangu nakijua. Kina kitanda na bati juu. Saa nne asubuhi ni tanuri. Nililala pale siku tano nilipokuwa na homa, na ilinichukua wiki sita kuweza tena kusimama. Na ngoma siku saba, katika moshi na jasho, kwa mtu ambaye jua la alasiri tu linamwangusha? Wangeniingiza kwa miguu, wangenitoa juu ya mkeka.

Walikuja Jumamosi, mapema, mie nikiwa bado juu ya jamvi, kamba mkononi. Binti yangu akasimama mlangoni. Kaka akaingia, akaishia pale makonyo yalipoanzia. Hakuyakanyaga.

"Gari ipo nje," kaka akasema. "Vaa."

"Niache nimalize tasbihi."

"Mama, nakuomba," binti akasema. "Mie siogopi kwa ajili yangu. Ukianguka humu ndani, na hicho kitu, nani atajua?"

"Jirani atajua. Anasikia hata yasiyokuwepo."

"Unafanya mzaha," kaka akasema. "Hapa kuna mtu. Wewe mwenyewe unajua kama kuna mtu."

Nikasimama nikasikiliza. Na wao wakasikiliza, niliwaona. Upande wa pili wa jamvi, karibu na dirisha, makonyo yalikuwa yamelala yametulia. Nikavuta mguu wa kushoto mbele. Shwaa.

"Siondoki hapa. Anayegeuza na ageuze, mie nageuza upande wangu."

Binti yangu akaanza kulia, akatoka nje. Kaka akabaki. Ni mkubwa wangu kwa miaka kumi, sijapata kumkatalia neno tangu baba alipokufa. Akanyoosha mkono juu ya makonyo ili nimpe wangu.

"Nakuamrisha, si kukuomba. Unanisikia?"

Nikamwambia, "Siondoki hapa. Anayegeuza na ageuze, mie nageuza upande wangu."