Bibi Aliomba Maji Ndani ya Gari

Usiku ule wa kuamkia siku ya wageni nililala mapema, sare imepigwa pasi na viatu vimeng'arishwa, lakini moyo haukutulia. Wageni wenyewe walikuwa wanatoka kiwanda cha magari ng'ambo. Singa za mkonge wetu, yaani nyuzi zake, hugandamizwa huko zikawa upande wa ndani wa milango ya magari. Sasa walitaka kuona kwa macho yao mkonge huo unakotoka, tangu jani linapokatwa shambani, na kujua kama kazi yetu inaharibu ardhi na maji ya watu. Mimi huchambua singa na kuzipanga kwa ubora, na kwa kuwa sina haya ya kuzungumza na mtu yeyote, meneja alinichagua niwatembeze. Agizo lake lilikuwa fupi: wageni waishie uwanja wa kuanikia singa. Mtoni wasifike.

Mtoni ndiko yanakomwagwa maji ya korona, ile mashine inayoponda majani ya mkonge. Hutoka ya kijani, yana povu, yananuka, na ukiyaoga utajikuna mpaka jioni. Bwawa la kuyatuliza tunaahidiwa kila mwaka kwamba litachimbwa mwakani. Wanaokaa mtoni chini ya kiwanda chetu hawana bomba, wanachota hayohayo. Nikiwaambia wageni ukweli, huenda wakaacha kununua, na majirani zangu wakakosa kazi, nami nikiwa wa kwanza. Nikinyamaza, watu wa kule chini wataendelea kujikuna. Usingizi ulinipitia nikiwa bado nagombana na meneja kichwani, na kwa mara ya kwanza nilikuwa namshinda.

Hodi ikabishwa. Nikafungua, nikamkuta Bibi Mwanahawa, mama yake mama, aliyenilea nyumbani kwake kulekule chini ya kiwanda na ambaye tulikwisha kumzika. Pindo la kanga yake lilikuwa limelowa. Sikushangaa hata kidogo. Kilichonitia aibu ni kwamba nyumba sikuwa nimeifagia.

"Mke mwenzangu," akasema, kwa utani wake uleule, "mbona umenenepa bila ruhusa yangu?"

Nikacheka, na hapohapo nikalia. Nilikuwa nimemkumbuka mno.

Nikamvutia kiti akae, na kiti kikawa kiti cha gari. Sebule yote imekuwa gari, dereva hayupo, nalo linakwenda taratibu katikati ya uwanja wa kuanikia. Singa nyeupe zimetundikwa huku na huku kama nguo za sikukuu. Bibi anaupapasa mlango kwa ndani, kisha ananusa vidole vyake.

"Huu ni mkonge wetu."

"Ni wetu, bibi. Niliuchambua mwenyewe."

"Kazi nzuri," anasema, nami kichwa kinavimba. Kisha anakunja mikono na kunyamaza, na unyamavu ule naujua tangu utotoni. Sijampa maji.

Kwa bibi, mgeni hakuulizwa habari za atokako kabla hajapewa maji. Aliyachota mtungini kwa kata, akaonja yeye kwanza fundo moja, mgeni akimwona, ndipo akamkabidhi kwa mikono miwili. Nilipokuwa mdogo nilidhani ana kiu tu. "Mgeni hayajui maji yako," alinieleza siku moja. "Anayaamini kwa sababu amekuona ukiyanywa."

Gari limesimama. Tuko mtoni, chini ya kiwanda, na mtungi wa bibi uko mapajani mwangu. Nachota. Maji ni ya kijani, povu linapasuka polepole ukingoni mwa kata. Nayamwaga, nachota tena, yanatoka yaleyale.

"Ngoja, bibi. Ofisini kuna maji ya chupa, yamenunuliwa kwa ajili ya wageni."

"Mimi sikuja ofisini."

"Meneja amesema wageni wasifike huku. Wakituacha, watu watakosa kazi."

"Mimi nimekuacha?" Ananitazama bila hasira, na hilo ndilo linaloniuma. "Nimekaa. Nasubiri maji."

Sasa naiona miguu yake. Imebabuka kwa kukunwa, mpaka magotini. Nainua kata, kwa kuwa ni lazima nionje kwanza. Inafika mdomoni, harufu inanikaba, mkono unagoma. Naishusha. Nimewahi kuona aibu mbele za watu, lakini si aibu kama hii.

Bibi ananyoosha mikono yake miwili. "Lete. Huku sisi tunakunywa hayohayo." Anaichukua kata kutoka mkononi mwangu, anaipeleka mdomoni, nami namdaka kifundo cha mkono na kukishika kwa nguvu zangu zote.

Hachukii. Anainamisha uso wake karibu na wangu, na sauti yake ni ya chini kabisa.

"Basi kesho usiwaambie kwamba maji ni mazuri, ikiwa wewe mwenyewe huwezi kuyaonja."

Niliamka nimekamata shuka, mdomo mchungu kana kwamba nimetafuna jani bichi la mkonge. Kulikuwa kumekucha, jogoo wa jirani akipiga kelele zake za kila siku. Nilikaa kitandani kwa muda nikimlilia bibi upya. Kisha nikavaa sare yangu, nikatoa kabatini jagi la kioo nililopewa siku ya harusi, nikateremka nalo mpaka nyuma ya nyumba aliyonilelea. Nililijaza hapo ambapo yeye alikuwa akichota.

Ofisini nilikuta chupa zimepangwa mezani, kila moja na glasi yake. Nikazisogeza pembeni, nikaliweka jagi katikati, kijani chake kikionekana wazi tangu mlangoni.

Meneja akaniuliza hayo maji ni ya nini.

"Ni ya wageni," nikamwambia. "Wakiuliza kwa nini siyaonji, nitawapeleka mtoni."