Mbwa wa Miguu Mitatu Katika Faili la Boila ya Mama

Mbwa wa miguu mitatu, ambaye hajawahi kukanyaga ua wetu, nusura amuue mama yangu.

Msicheke bado.

Mama ana miaka themanini na moja. Anaishi peke yake kijijini Dolmaru, milimani, ambako theluji hufunga njia wiki nzima. Vuli ile boila yake ya mafuta ya taa, inayozungusha maji ya moto chini ya sakafu anayolalia, ilikata roho. Nikamwita fundi Tak amfungie ya gesi.

Kanuni ya wilaya ni nyepesi: boila mpya haiwashwi bila kibali. Fundi apige picha ya maungio ya bomba la moshi, na mtu wa nyumbani atie saini kwamba alikuwapo na akaona.

Fundi Tak alileta fomu kabla ya kuleta boila.

"Saini hapa, mama. Kijiji kizima kimeshasaini."

"Nimeona nini?" Mama akauliza.

"Utaona kesho."

"Basi nitasaini kesho kutwa."

Niliona aibu. Mimi, ninayewafundisha vijana wa chuo kikuu kupima ushahidi, mama yangu anabishana na karatasi!

"Mama, hizi ni taratibu tu."

Nikachukua kalamu, nikasaini mimi.

Tak akaniinamia. "Ndiyo raha ya msomi, Profesa. Hapotezei watu muda."

Kichwa kikavimba.

Boila ilipofungwa na kibali kutoka, mimi nilikuwa nimesharudi Seoul.

Januari zikaanza simu.

"Sang-u, kila nikiamka kichwa kinanigonga."

"Uzee huo, Mama."

"Nikifungua dirisha kinaacha."

"Baridi hii? Unapasha joto mlima mzima? Funga dirisha!"

Kwa bahati, mama yangu hajawahi kunitii.

Asubuhi moja jirani yake, Bibi Ok-bun, alimpelekea supu ya soya. Alimkuta sakafuni, hajitambui. Dirisha lilikuwa wazi upana wa vidole viwili.

"Ni moshi wa boila, ile sumu isiyo na harufu," daktari akaniambia hospitalini. "Mabomba yalichomekwa tu, hayakukazwa. Bila lile dirisha, ungekuja kuzika."

Mama alipofumbua macho, nikaenda ofisi ya wilaya na shahada zangu zote mdomoni.

"Nani alipitisha uchafu huu?"

Karani, Bi Noh, hakupandisha sauti. Akafungua faili la Mama. Pichani kulikuwa na bomba lililokazwa vizuri, ukuta safi, na kando yake mbwa mweupe wa miguu mitatu.

Mama hafugi mbwa.

"Toa la jirani," nikasema.

Mbwa yuleyule.

"La mwenyekiti wa kijiji."

Mbwa yuleyule, mkia uleule hewani. Faili kumi na tisa! Fundi Tak alipiga picha moja nyumbani kwake, akaigawa kama peremende.

Nikacheka kicheko kibaya. "Mbwa ana nyumba kumi na tisa! Bi Noh, hayo ni macho au vifungo vya shati?"

"Aibu hiyo ni yangu, Profesa. Siikwepi." Akageuza ukurasa, akaweka kidole chini kabisa. "Lakini hapa kuna aliyeandika kwamba alikuwapo na akaona kwa macho yake. Saini hii ni ya nani?"

Nikainama juu ya ukurasa. Ilikuwa yangu.

"Nilikuwa nakuuliza tu, Profesa. Huyo mbwa, ulimwona?"

Siku hiyohiyo boila zote kumi na tisa zilizimwa, na Tak akanyang'anywa leseni. Mama alipotoka hospitali na fundi mwingine kuifunga boila upya, mkaguzi alikuja, na Mama mwenyewe akanikabidhi tochi.

"Piga magoti, msomi."

Nikapiga magoti kwenye tope la theluji, nikatazama kila ungio huku Bibi Ok-bun akiniangalia kama sinema. Nilipoinuka suruali ikichuruzika, Mama akaninyooshea kalamu.

"Haya. Sasa saini."

Ndugu zangu, huwa nawacheka wanaosaini bila kusoma. Mimi nilisoma, nikaelewa, kisha nikasaini nisichokiona. Anayesaini amewaazima wengine macho yake. Usiazimishe macho uliyoyafumba.

Tena nilianza kwa kumsingizia mbwa wa watu. Aniwie radhi.

Yeye, angalau, hakusaini.