Nilimwambia Mama Anakojoa Kitandani, Kumbe ni Sakafu Yangu

Habari admin na wote mnaosoma. Naomba jina langu lisitokee, maana ndugu zangu wengi wako kwenye ukurasa huu na hakuna hata mmoja anayejua ninachotaka kusema. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na saba, nauza vitambaa mjini Sumbawanga. Nina mume na binti mmoja.

Mwaka jana tulimaliza kujenga. Nilikuwa na hamu ya sakafu ya vinili, vile vipande vya plastiki vinavyofanana na mbao, unavibananisha kimoja kwa kingine. Dukani waliniambia haviingizi maji hata kidogo. Fundi alitaka tusubiri zege likauke kwanza kwa sababu mvua zilikuwa hazikatiki, mimi nikang'ang'ania aanze. Nilitaka nimlete mama kwenye nyumba iliyokamilika. Baba alishafariki, mama alikuwa peke yake kijijini, upande wa Kaengesa.

Alipofika alivua kandambili mlangoni, akawa anapita taratibu kama anaogopa kuikanyaga. "Hii si ya kukanyaga, ni ya kutazama," akasema, tukacheka. Akawa analala chumba kimoja na binti yangu. Walikuwa wanasali pamoja, na anamfundisha Kifipa ambacho mimi nilikuwa sijamfundisha.

Baada ya miezi kadhaa chumba chao kikaanza kunuka. Uvundo mzito unaokaa puani. Kando ya kitanda cha mama vipande vikaanza kuinuka kwenye maungio, ukikanyaga panabonyea. Nikagusa, nikakuta unyevu. Vyumba vingine vilikuwa salama. Kwa kuwa nilishaaminishwa kwamba sakafu ile haipitishi maji, akili yangu ikaenda moja kwa moja kwa mama.

Nikaingia chumbani, nikafunga mlango.

"Mama, unajikojolea?"

Akanitazama kama hajanisikia vizuri. "Mimi? Hapana, mwanangu."

"Usione aibu, uzee ni uzee. Lakini unaniharibia nyumba."

Akavuta shuka lake, akalipapasa, akalinusa mbele yangu. "Mbona kavu?"

"Basi unamwaga ukishuka kitandani."

Jamani, ndivyo nilivyomwambia mama aliyenizaa.

Nikamhamisha binti yangu chumba kingine. Nikanunua nepi za watu wazima, nikaziweka juu ya kitanda chake bila kusema neno. Halafu nikawapigia kaka na dada zangu kuwaeleza hali ya mama. Yeye akaacha uji wake wa ulezi wa jioni, baadaye hata chai ya asubuhi akawa anaionja tu na kuiacha. Midomo ikamkauka. Mwisho akasema, "Nirudisheni kwangu. Sakafu yangu ni ya udongo, nikiharibu nitasiriba." Kaka akaja kumchukua. Aliondoka amebeba kifuko cha nepi kwapani, amekifunika na kitenge.

Mama ameondoka, harufu ikabaki. Nilifungua madirisha, nikapiga deki kwa dawa, wapi. Kisha chumbani kwangu mwenyewe, karibu na kabati la nguo, vipande vikaanza kuinuka vilevile. Nikachukua kisu cha jikoni, nikakiingiza kwenye ungio, nikanyanyua. Chini, ile sponji inayotandikwa ilikuwa imelowa, ina ukungu mweusi, na zege linatoa jasho. Harufu ni ileile. Nikakimbilia chumba cha mama, nikabandua. Pamelowa kuanzia mlangoni mpaka ukutani, hata chini ya masanduku ambako hakuwahi kufika mtu.

Fundi alipokuja hakubisha. Hakuweka nailoni chini ya zege, na zege lenyewe lilikuwa bichi. Unyevu unapanda kutoka ardhini, ukifika kwenye plastiki unakosa pa kutokea, unaozea pale. Chumba cha mama kilitangulia kwa sababu kiko upande ambao maji ya mteremko yanakuja kusimama. "Nilikuambia tusubiri," akasema.

Nikamweleza mume wangu. Akasema, "Mama ameshatulia kwake. Ukimwambia sasa utamuumiza upya, na ndugu zako watakuonaje?" Nikakubali. Ukweli ni kwamba nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia hivyo.

Wiki iliyopita nilikwenda kumsalimia. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda alichokitandika mfuko wa plastiki. Jirani akaninong'oneza kwamba siku hizi haendi jumuiya wala kanisani, na yeye ndiye alikuwa anawaanzishia kina mama nyimbo. Nikamuuliza, "Mama, mbona umeacha kusali na wenzako?"

"Nitawaloweshea benchi."

"Imewahi kutokea hapa nyumbani?"

"Bado. Lakini wewe ndiye uliyeona. Mimi uzee umenizidi, hata ninapotokwa sijisikii."

Maneno yalikuwa mdomoni kabisa. Kabla sijayatoa, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Nisamehe, mwanangu. Ulijinyima ukanijengea chumba kizuri, mimi nikakiharibu."

Na mimi nikamjibu, "Nimekusamehe, mama."

Tangu siku hiyo silali vizuri. Dukani napima kitambaa nasahau nilipofikia. Najua lazima nimwambie, lakini kila nikijiandaa nauona uso wake akilinusa lile shuka. Na nikimwambia yeye peke yake, ndugu zangu niliowatangazia wataendelea kumwona hivyohivyo. Nikiwakusanya wote, natamani ardhi inimeze kabla sijafungua mdomo.

Wenye wazazi na mliofiwa na wazazi, niambieni. Hata mkinitukana nitasoma yote. Nianzie wapi mimi, na nimwambieje mama yangu kwamba hakuwahi kukojoa kitandani hata siku moja?