Bibi Mnuno Hacheki

Mtaani walimwita Mama Brashi kwa sababu ya mabango. La saluni, la bucha, la duka la miwani, yote kayaandika yeye. Lakini akirudi nyumbani alitunga na kuchora vitabu vya watoto, juu ya meza ya cherehani ambayo dada yake hakuitumia tena. Cha kwanza kukubaliwa kilimhusu Bibi Mnuno, ajuza mwenye uso kama kalamba ndimu. Anafukuza wajukuu uani, kisha wakilala anawashonea vifungo vilivyokatika. Hacheki hata ukurasa mmoja.

Mhariri wa kampuni ya vitabu akaandika: “Tumekipenda. Ila mwishoni bibi atabasamu. La sivyo watoto watamwogopa.”

Mama Brashi akajibu siku hiyohiyo: “Hatabasamu. Ukitaka meno, tafuta tangazo la dawa ya mswaki.”

Kuanzia hapo salamu zikafa. Mhariri alimwita mkaidi asiyejua soko. Naye akamuuliza kama aliwahi kuwa mtoto, au alizaliwa na tai shingoni.

Dada yake, aliyekuwa akimpelekea barua posta, akamsihi. “Meza mate, mdogo wangu. Ni mdomo tu, tena wa kuchora.”

“Kwani bibi aliyetulea sisi alikuwa anacheka?”

Dada akaichukua barua, akaenda nayo posta.

Kisha kikaja kifurushi cha nakala zilizochapwa. Kwenye ukurasa wa mwisho mtu mwingine alikuwa amempachika bibi tabasamu jekundu, mpaka magego yanaonekana. Kwenye jalada, jina la Mama Brashi.

Alichukua wino na brashi akaenda moja kwa moja ofisini kwao. Nakala zilikuwa zimepangwa mapokezi. Akavuta kiti, akaanza kuziba midomo, nakala moja baada ya nyingine. Mhariri akatoka mbio.

“Mama, unafanya nini?”

“Namfunga mdomo. Wewe ulimfungua kwa ruhusa ya nani?”

“Mkataba unaturuhusu kusahihisha!”

“Sahihisha koma! Uso wa mtu unausahihishaje?”

Mlinzi alimtoa kwa kumshika kiwiko. Wino ukamwagika kwenye zulia, wala hakuomba radhi.

Kampuni ikamwandikia kwamba haitapokea tena kazi yake. Kitabu kikauzwa vizuri, na meno yake yote. Hilo ndilo lililomkera kuliko kufukuzwa. Siku moja dukani mama mmoja akamwomba amsainie binti yake nakala.

“Mpelekee aliyechora hayo magego,” alisema.

Mtoto, ambaye hakumkosea kitu, akajificha nyuma ya gauni la mama yake akilia. Dada alikuwepo, na walipofika nyumbani alimpasulia.

“Barua zako sasa utapeleka mwenyewe. Umeshaanza kuwamwagia sumu hata wasiohusika.”

Mama Brashi hakubisha. Aliona aibu, lakini haikumlainisha. Akatunga hadithi nyingine, akaitia kwenye bahasha pamoja na picha, akaenda posta kwa miguu yake. Barua kwa mchapishaji mpya haikuwa na salamu. Ilianza hivi: “Mkigusa picha, tumegombana.”

Mpaka leo hawajamjibu.