Jicho la Msoma Mita

Msoma mita wa mtaa wetu haingii uani kwa mtu. Anasimama getini, anashika nondo kwa vidole viwili kana kwamba nazo zina umeme, anafumba jicho moja na kuanza kusoma, na anachosoma si mita bali kamba ya nguo. Mashati yakiwa yamenyooka anaguna, "Humu pasi hailali," na tarakimu zinapanda. Akiona pazia jipya, zinapanda tena. Jirani yetu alipopaka ukuta rangi, bili yake ilikuja imenona kuliko yeye mwenyewe. Ukimwonyesha mita ilipo, anatabasamu kwa upole wa daktari. "Dada, mita huweza kudanganya. Nyumba haidanganyi." Ukimuuliza kwa nini haingii, anasema anaogopa mbwa. Hatuna mbwa. "Mnaweza kununua," anajibu.

Mwezi uliopita wenzake waling'oa mita yetu ili wakaitengeneze, wakapotea nayo, na tangu hapo bibi anapapasa vidonge vyake vya presha kwa mwanga wa mshumaa. Msoma mita alipokuja, bibi alifungua geti, akamshika mkono wa shati na kumburura hadi ukutani, penye nyaya mbili zinazoning'inia na kipande cha ukuta kisicho na vumbi. "Haya mwanangu, soma."

Alifumba jicho moja. Akatazama kwa muda mrefu, akaandika tarakimu pungufu kidogo kuliko za kawaida.

"Hongera, bibi," alisema. "Mwezi huu mmebana matumizi."